Supakompyuta zinaelekea wapi? Jibu la mtu aliyefunga mashine 16 Kampala

Mwenzetu aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili: kwa nini supakompyuta za siku hizi (yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi moja) zimejaa kadi za grafiki, na je, kasi itazidi kupanda kama zamani? Naomba nijibu kwa urefu, maana haya mambo nimeyashika kwa mikono yangu, ingawa kwa kiwango kidogo sana.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Kampala tuliunganisha kompyuta 16 zilizokuwa zimestaafishwa ofisini, tukaziwekea Linux, ili tuendeshe programu ya utabiri wa hali ya hewa juu ya Ziwa Victoria. Aliyekulia mwaloni anajua dhoruba ya usiku inavyowafanya wavuvi. Kwa mashine 4, kazi ilikwenda karibu mara nne haraka. Kwa 8, mara tano na ushee. Tulipowasha zote 16, kazi ikachelewa kuliko ilivyokuwa kwa 8! Siku mbili nzima tulisaka kosa ndani ya programu, wala halikuwemo. Kila mashine huhesabu kipande chake cha ziwa, kisha ni lazima iwape majirani zake upepo na joto la mpakani kabla yeyote hajasonga mbele. Swichi yetu, kile kifaa kinachopitisha data kati ya mashine na mashine, ilikuwa ya bei ya chini. Prosesa, yaani sehemu zinazofanya hesabu, zilikaa tu, zikingoja data.

Tangu siku hiyo orodha ya TOP500, ya supakompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani, inayotoka kila Juni na Novemba tangu 1993, naisoma kwa jicho jingine. El Capitan ya Livermore, California, iliyoshika nafasi ya kwanza Novemba 2024, ilipata eksaflopi 1.742, yaani hesabu zaidi ya bilioni 1.7 mara bilioni moja kila sekunde. Lakini hicho ni kipimo cha Linpack, kazi inayoipa prosesa hesabu nyingi kwa data kidogo. Kipo kipimo kingine, HPCG, kinachokaribiana zaidi na kazi kama ile yetu ya ziwa. Humo El Capitan hiyo hiyo ilipata petaflopi 17.4 (petaflopi 1,000 ndizo eksaflopi moja). Asilimia 1 ya ile ya Linpack! Fugaku ya Japani, iliyoongoza orodha mwaka 2020, ina petaflopi 442 tu kwa Linpack, lakini kwa HPCG inapata 16. Kwangu mimi Fugaku ni mashine iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingi zilizoipita, kwa sababu waliijenga wakiijali memori, inayoifikishia prosesa data.

Sasa hizo kadi za grafiki. Jibu ni umeme. Mpaka katikati ya miaka ya 2000 kila prosesa mpya ilikuja na mapigo ya haraka zaidi. Kisha volti zikagoma kushuka zaidi, joto likapanda, na mapigo yakakwama karibu na gigahezi 3 au 4, yaani mapigo bilioni 3 au 4 kwa sekunde. Njia iliyobaki ni kuweka vihesabio vidogo kwa maelfu, vyote vikifanya kazi kwa pamoja, na kadi ya grafiki ndivyo ilivyo. Matokeo yake yanaonekana: Roadrunner, supakompyuta ya Marekani iliyovuka petaflopi 1 mwaka 2008, ilikula megawati 2.3 hivi. El Capitan inakula karibu 30. Umeme umeongezeka mara 13, hesabu mara 1,700.

Hata hivyo mwendo umepungua. Kutoka teraflopi (sehemu ya elfu ya petaflopi) ya supakompyuta ASCI Red mwaka 1997 hadi petaflopi ilikuwa miaka 11. Kutoka hapo hadi eksaflopi ya Frontier, mashine nyingine ya Marekani, 2022, ilikuwa miaka 14. (Na orodha haionyeshi yote, kwa kuwa China iliacha kupeleka mashine zake mpya.) Megawati 30 ni moja ya sita ya uwezo wa bwawa la Nalubaale pale Jinja, kwa kompyuta moja! Ndiyo maana Wafini waliiweka supakompyuta LUMI mjini Kajaani, kwenye kiwanda cha zamani cha karatasi, inatumia umeme wa maji, na joto lake linapasha nyumba za mji.

Afrika tunazo Toubkal ya Morocco, petaflopi 3 na kidogo, na Lengau ya Cape Town. Hizo ndizo ningependa vijana wetu wa Uganda waombe nafasi kwazo, kuliko kuota eksaflopi.

Na kama chuoni kwenu mnafunga za kwenu, nunueni swichi nzuri kabla ya mashine ya tisa. Pia programu ihifadhi hali ya kazi kila nusu saa. Sisi umeme ulikatika saa tisa usiku tukapoteza hesabu za muda wa saa kumi na moja. Wenye Frontier nao huhifadhi hivyo hivyo, kwa sababu penye kadi zaidi ya 37,000 haikosi moja kuharibika kazi ikiwa katikati.