Duma: si kelele tupu

Kwa wanaosema albamu ya Duma, bendi ya muziki mkali wa metali, ni "kelele tupu, hata mpiga dramu hakuna": ni kweli hakuna, na nguvu yake iko hapohapo. Walioitengeneza ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mashine ya midundo. Albamu ilitolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Piga hesabu: tuseme mwendo ni mapigo 200 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, ni kama mapigo 13 kwa sekunde. Mkono wa mtu huchoka ukalegea. Mashine hailegei, ndiyo maana kifua kinabanwa.

Halafu, jamani, msiihukumu kwa spika ya simu. Haitoi besi, kwa hiyo kiki (pigo zito la dramu kubwa) inapotea na kubaki ule mlio mkali wa juu unaoumiza masikio. Chukua hedifoni nzuri, zima ekwalaiza (kirekebisha besi na sauti za juu), punguza sauti kidogo. Anza na wimbo "Lionsblood": mara ya kwanza fuata kiki tu, mara ya pili fuata mayowe ya Khanja.

Lawama moja naikubali: mwangwi umezidi, maneno hayashikiki.