Albamu mpya ya roki ya saikedelia au metali: isikilize hivi kabla ya kuihukumu

Ukisikia mtu anasema "hizi ni kelele tu", muulize ameisikiliza kwa kutumia nini. Mara nyingi jibu ni spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa lililotyuniwa kawaida unatoa hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde; namba ikishuka, sauti ni nzito zaidi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali Black Sabbath, ambaye ncha za vidole vyake viwili zilikatwa na mashine kiwandani, alilegeza nyuzi kwa nusutoni 3 (hatua 3 ndogo za sauti) katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, na wengi waliomfuata wameshuka zaidi. Gitaa likifika hezi 62, gitaa la besi liko 31. Spika ya simu haifiki huko, kwa hiyo unabaki na mkwaruzo wa juu peke yake.

Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote, na usiongeze besi. Chini ya hezi 100, besi na ngoma ya mguu tayari zinagombania nafasi. Ukiongeza, ngoma inazama. Sauti ikiwa nzito kama tope, ingia kwenye ikwalaiza (kirekebisha sauti cha programu yako) upunguze desibeli 2 au 3 kati ya hezi 200 na 400, basi. Sauti yenyewe anza nayo chini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, lakini ukifika 90 zinabaki saa 4 tu. Masikio hayana vipuri.

Halafu zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, pamoja na kile kipengele kinachofifiza mwisho wa wimbo mmoja juu ya mwanzo wa mwingine. Hili ndilo linaloharibu albamu hizi kuliko yote. Absolute Elsewhere ya bendi ya Blood Incantation (2024) utaikuta imekatwa vipande 6, lakini ni nyimbo 2, kila mmoja dakika 20 na ushee. Katika kipande cha pili cha The Stargate, mmoja wa nyimbo hizo, amealikwa Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya muziki wa kielektroniki: vinanda vinatanda taratibu, gitaa linaingia kwa utulivu, kisha metali ya kifo (death metal) inarudi kwa kishindo. Ukikiruka kipande hicho, kishindo hakina maana. Kwangu hii ndiyo albamu bora ya mwaka ule, kwa sababu sehemu laini hazikuwekwa kama mapambo. Zinabeba uzito sawa na zile kali.

Mara ya kwanza sikiliza hadi mwisho bila kuruka. Mara ya pili fuata ngoma na besi tu. Maneno yasubiri mara ya tatu.

Bendi ya Oranssi Pazuzu wa Finland wanahitaji subira zaidi. Muuntautuja (2024) ina mivumo ya mashine inayosumbua kwa makusudi, na naona Mestarin kynsi ya 2020 imepangika vizuri zaidi, kwa hiyo anza na hiyo. Kwa bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard, anayependa kasi aingie na PetroDragonic Apocalypse (2023). Flying Microtonal Banana (2017) isikutishe ukidhani gitaa halijatyuniwa: wameongeza vizuizi kwenye shingo ya gitaa ili kupata robotoni (nusu ya nusutoni), na aliyezoea ala kama udi na kanuni ataizoea haraka.

Funeral for Justice ya Mdou Moctar wa Niger (2024) ni kali kweli. Mdou anapiga kwa vidole, bila kipigio, ndiyo maana noti zake zinamiminika bila ule mgongano mkavu wa plastiki kwenye uzi. Msikilize anapopanda juu ya shingo ya gitaa huku mdundo ukizidi kasi chini yake. Hapo punguza sauti kidogo badala ya kuongeza, utazitenganisha noti moja moja.