Kaufman ana moyo, itazame ile ya 2004

Umesema Charlie Kaufman, mwandishi wa filamu wa Marekani, anaandika vituko tu, hisia hamna. Hapo sikubaliani nawe. Being John Malkovich (1999) ilinishangaza kuliko ilivyonigusa, hilo nakiri: kimlango kinachokuingiza kichwani mwa mtu kwa dakika 15, kisha unatupwa kando ya barabara huko New Jersey. Lakini Eternal Sunshine of the Spotless Mind (2004) ilinitoa machozi. Joel anakubali kufutiwa kumbukumbu zote za Clementine, mpenzi wake wa zamani, halafu akiwa usingizini, kazi imeshaanza, anagundua hataki kumpoteza. Anakimbia naye, anamficha ndani ya kumbukumbu za utotoni, chini ya meza ya jikoni. Pale nilisimamisha filamu nikakaa kimya. Nilikuwa nimeachana na mtu miezi michache nyuma, na picha zake zote nilishazifuta kwenye simu.

Synecdoche, New York (2008), ambayo aliiongoza mwenyewe, ni nzito kweli. Mara ya kwanza niliishia njiani. Nimeirudia mwaka huu, na sasa inanitisha kwa sababu naielewa. Wewe anza na ya Joel, usiku, ukiwa peke yako.