Ukienda Ethiopia peke yako, kula na watu

Nikisema nilizunguka Ethiopia mwenyewe bila kampani, swali la kwanza ni hukuogopa, la pili ulikuwa unakula na nani. Hilo la pili ndo la maana, kwa sababu kule chakula ni cha sinia, injera, ule mkate wao mwembamba mpana kama chapati, inatandazwa chini, mboga na michuzi juu, watu wanazunguka wanakula hapohapo, mtu anayekula mwenyewe wanamuonea huruma kabisa. Sasa wewe msafiri wa peke yako hiyo huruma ndo mtaji wako. Achana na migahawa ya watalii kule Bole, mtaa wa Addis Ababa, ingia kamgahawa ka kawaida mchana watu wa maofisini wakitoka, agiza, kaa karibu na meza yenye kelele. Utaitwa tu.

Na ukiitwa jiandae na gursha, yaani mwenyeji anakata injera, anakusanya mchuzi, anakunja tonge la maana halafu anakulisha mwenyewe kwa mkono wake mpaka mdomoni. Usirudi nyuma, fungua mdomo, na likija la pili pokea pia. Mimi sio mtu wa kulishwa lakini nilizoea haraka kuliko nilivyofikiria lol.

Ila tofautisha mialiko. Aliyekukuta mezani akakuvuta kwenye sinia lake huyo hana shida. Jamaa wa barabarani mwenye kiingereza kitamu anayejiita mwanafunzi na anataka kukupeleka "nyumbani" ukaone wanavyopika kahawa, huyo mwambie asante na uendelee na safari, huko bili inakuja ya kukutoa machozi.

Kahawa yenyewe iko kila kona, huna haja ya kupelekwa. Dada amekaa kwenye kigoda, majani mabichi yametandazwa chini, ubani unafuka, anakaanga buni mbele yako kwenye kikaango halafu anakuletea ule moshi unuse kwanza kabla hajatwanga. Inachemshwa kwenye jebena ya udongo na inamiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono kama vya wauza kahawa wa Kariakoo. Raundi ni tatu, kunywa ya kwanza ukaondoka sio adabu sana, kwa hiyo usikae hapo kama una haraka.

Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na sehemu nyingi utakuta menyu ni ya mfungo tu. Usinune, agiza beyaynetu, unaletewa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), kabichi, viazi, yote kwenye injera moja na bei yake ni rafiki. Ndugu zangu Waislamu, nyama kuleni kwenye migahawa ya Waislamu, ipo, na hata wenyeji kila upande unakula nyama iliyochinjwa na wa kwake.

Kwenye saa sisi tuna bahati, wanahesabu kama sisi, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi, wazungu ndo wanateseka. Tiketi ya ndege ndo inafuata saa za kimataifa. Tarehe sasa ndo mtihani: kalenda yao ina miezi 13, iko nyuma miaka 7 au 8, mwaka mpya unaanza Septemba 11 au 12, kwa hiyo ukipewa tiketi ya basi iliyoandikwa tarehe usiyoielewa uliza "ni leo au kesho?" hapohapo dirishani.

Lalibela kuna yale makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba, lakini iko mkoa wa Amhara na kumekuwa na mapigano, ulizia hali ya usalama wiki hiyohiyo kabla hujakata tiketi. Ukifika viatu vinavuliwa mlangoni, beba soksi nene na uzivute juu ya suruali, mazulia ya mle ndani yana viroboto na havichagui mgeni wala mwenyeji.