"Wakuu, naomba koneksheni"

Shikamoo mama. Nina miaka 26, nilimaliza uhandisi ujenzi Mlimani mwaka 2023. Niko Dodoma, nasimamia mafundi kwenye nyumba za watu huku Ipagala. Mwezi huu nina kazi, mwezi ujao sina. Nipo kwenye makundi manne ya WhatsApp: la darasa letu, la wahitimu wa chuo, la wahandisi vijana na moja la matangazo ya kazi. Nimeandika mara nyingi, "Wakuu, naomba koneksheni ya kazi yoyote", nikaweka na CV. Naambulia emoji za mikono ya dua na "Mungu atafanya njia". LinkedIn nina watu zaidi ya 300, karibu wote tulisoma darasa moja na wanatafuta kazi kama mimi. Kwa asiye na mjomba serikalini, inawezekana kweli? – J., Dodoma

Marahaba, mwanangu. Inawezekana. Mimi mjomba sikuwa naye, na nimefanya kazi ya maji miaka zaidi ya ishirini.

Tuanze na huo ujumbe wako, maana nauona kila wiki. Mimi ni mmoja wa maadmin wa kundi la wahitimu wa uhandisi. Zamani tulipofika watu 256 ilibidi tufungue kundi la pili, kwani WhatsApp iliishia hapo. Mwaka 2022 walipopandisha hadi 1,024 tukaungana tena. Kwa umati huo, kilichoandikwa saa mbili asubuhi, saa nne kimeshafunikwa na salamu, misiba na michango ya harusi. Sasa mfikirie anayekusoma. Ni msimamizi wa mradi, yuko kwenye foleni Kimara, ana sekunde kumi. Anasoma "kazi yoyote". Anajiuliza: huyu anajua nini? Yuko wapi? Nimpeleke kwa nani, nikamwambie nini? Hapati jibu, anabonyeza mikono ya dua, anasonga mbele. Usimhesabu kuwa mchoyo. Hukumpa kitu cha kushika.

Jaribu hivi: "Habari zenu. Mimi ni mhitimu wa uhandisi ujenzi, Mlimani 2023, niko Dodoma. Mwaka huu nimesimamia nyumba tatu Ipagala kuanzia msingi hadi kupaua. Natumia AutoCAD na total station, na naandaa mchanganuo wa vifaa mwenyewe. Natafuta mtu anayefanya kazi kwa mkandarasi wa barabara au maji Kanda ya Kati, nimuulize maswali mawili kuhusu wanavyoajiri wahandisi wa site. Naomba dakika kumi tu za simu." Halafu picha moja: nondo za msingi zimefungwa vizuri, kabla hamjamwaga zege. Faili la CV lipe jina lako na fani yako. Nimewahi kupokea "CV new final 2" tano kwa siku moja, na nilipotaka kumtafuta kijana mmoja jioni sikujua ni ipi yake.

Umeona kwamba hukuomba kazi? Ukimwomba mtu kazi, asipokuwa nayo mazungumzo yamekufa. Ukimwomba akueleze anachokijua, atakueleza, na mwisho wa simu ndipo wengi husema, "Hebu ongea na fulani."

Shida yako ya pili ni hao 300. Wanaokaa nawe kijiwe kimoja wanasikia unachosikia. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1973. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, akakuta ni kama mmoja tu kati ya sita aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na watu wa kuonana mara mojamoja, wengine mara moja kwa mwaka au pungufu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi kama huo uliohusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano, wakaona jambo linaloelekea hukohuko: mtu mnayejuana kwa mbali kiasi ndiye anayesaidia zaidi kuhama kazi kuliko rafiki wa karibu.

Mimi sikuhitaji utafiti kuliamini, limenikuta. Mwaka 2009 mkataba wangu uliisha nikiwa Singida kwenye mradi wa visima. Wahitimu tulikuwa na kundi la barua pepe. Mwaka mmoja kabla, mtu nisiyemfahamu aliuliza humo kwa nini pampu ya kisima chake inafanya kazi dakika arobaini kisha inajizima. Wengine walimwambia abadilishe mota. Nilimuuliza pampu imefungwa mita ngapi, na maji yanashuka hadi wapi inapovuta. Jibu lilionyesha kuwa maji yalikuwa yakishuka chini ya pampu, hivyo kifaa cha kinga kilikuwa kikiizima isiungue. Nilimwandikia mistari sita: ashushe pampu kama kina kinaruhusu, apunguze uvutaji, na apime upya kisima kabla ya kununua chochote. Basi, nikasahau. Mkataba ulipoisha, dada mmoja tuliyepishana miaka miwili chuoni, ambaye nilimkumbuka kwa sura tu kutoka foleni ya chakula, alinipigia: "Wewe ndiye uliyejibu ile ya pampu?" Ofisini kwao walikuwa wanatafuta mtu wa visima. Niliitwa kwenye usaili, nikashindanishwa na wengine wanne. Kazi niliipata, na nilikaa nayo miaka saba.

Kwa hiyo kabla hujaomba tena, jibu maswali ya watu. Humo kwenye makundi manne kuna anayeuliza bei ya nondo za milimita 12 Dodoma, kuna anayeuliza udongo wa Ipagala ukoje. Wewe upo hapo, unajua. Jibu kwa tarakimu, hata kama aliyeuliza hana cheo.

LinkedIn nayo ifanye itoke nje ya darasa lako. Fungua ukurasa wa chuo, kuna sehemu ya wahitimu. Unaweza kuwachuja kwa mji wanakoishi, mahali wanapofanya kazi na walichosomea. Chagua Dodoma, Singida, Morogoro, uhandisi. Waandikie wachache kwa wiki, kila mmoja ujumbe wake, ukitaja chuo mlichosoma, kisha swali moja. Na ujue kwamba kwa kuhitimu tu wewe ni wa Baraza la Masajili, yaani umoja wa wahitimu wa chuo. Vijana wengi hawalijui, na mikutano yake ina watu waliotangulia miaka thelathini.

Jambo la mwisho kwako, nalo nalisisitiza kwa moyo wote: hukuniambia kama umejisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama bado, fanya hilo wiki hii, kisha uliza habari za SEAP, mpango wa Bodi wa kuwalea wahandisi wahitimu kazini chini ya mhandisi mtaalamu. Usajili ni swali la kwanza atakalokuuliza yule wa foleni ya Kimara.

Dada, habari. Nina miaka 41, ni mhasibu mwenye CPA, Arusha. Niliacha kazi miaka sita nikimuuguza mama hadi alipotangulia mbele za haki. Wenzangu sasa ni wakurugenzi. Kundi letu la chuo nilijitoa kimyakimya. Naona aibu kurudi. – M., Arusha

Pole sana, mdogo wangu. Mungu amlaze mama mahali pema.

Nakuomba usirudi kwenye kundi kwanza. Chagua mtu mmoja, yule ambaye ungempigia hata kama angekuwa hana cheo, umpigie kwa sauti, usimwandikie. Mwambie ulikuwa unauguza, mama amefariki, sasa unarudi kazini. Sentensi hiyohiyo iandike kwenye CV: "2019–2025, nilimuuguza mzazi." Pengo lisiloelezwa humtia mwajiri wasiwasi, hili la kwako mtu yeyote aliyewahi kuuguza atalielewa. Wakati huohuo wasiliana na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ujue uanachama wako umefikia wapi, ada ipi unadaiwa na idadi ya saa za mafunzo endelevu zinazohitajika. Semina zake ndizo zitakazokurudisha mezani na wahasibu wenzako, mkizungumzia viwango vya hesabu, bila mtu kuulizana nani ni mkurugenzi. Huyo mmoja akikwambia "rudi kwenye kundi, nitakuongeza", mkubalie.

Niandikie tena ukishampigia. Ningependa kujua.

Admin wa kundi la ajira ameniambia nafasi yangu kwenye shirika moja ipo, nitume 85,000 ya "usaili na fomu" kwenye namba yake. Nitume? – R., Mwanza

Usitume. Hiyo ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti. Nafasi nyingi za serikali zinaombwa kwenye tovuti ya Ajira Portal bila kulipa hata shilingi, na mwajiri wa kweli hamtozi mtu ada ya kumsaili. Namba ya huyo bwana itume kwenda 15040, wanakopokea taarifa za matapeli wa simu, kisha uiweke hadharani kwenye kundi leo kabla hajakutoa.