Oili sili ya mbele ya injini: chunguza shafti kabla ya kupachika mpya

Ukiona oili chini ya puli ya krenki, usikimbilie kununua sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti ya krenki inapochomoza mbele ya injini. Oili huteremka, hivyo gaskiti ya kifuniko cha vali ikivuja kule juu, matone yake huishia palepale. Osha uso wote wa mbele wa injini, uache ukauke, iwashe mpaka ipate moto, kisha mulika tochi kuanzia juu kwenda chini. Unyevu ukianzia ukingoni mwa sili na oili ikiwa imerushwa kwa mviringo nyuma ya puli, umempata mhusika.

Angalia pia njia ya injini kupumulia. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hutolewa kupitia vali ndogo na bomba lake la mpira. Vikiziba, shinikizo hujaa ndani na kusukuma oili nje, na sili mpya nayo itavuja kama ile ya zamani.

Kwenye injini ya mkanda wa taimingi, sili hukaa nyuma ya gia ya mkanda. Linganisha alama zote za taimingi zilizo kwenye gia na injini kabla ya kulegeza chochote, maana zikipishana, kwenye injini nyingi vali hugonga pistoni. Mkanda ukiwa umelowa oili, badilisha na wenyewe; mpira ulionyonya oili haudumu.

Kung'oa sili ndiko wageni wengi wa kazi hii huharibu. Bisibisi ikiteleza na kukwaruza shafti, umetengeneza uvujaji usioisha. Ni afadhali kutoboa matundu mawili madogo kwenye bati la sili, yakiwa mkabala, ukafunga skrubu na kuvuta kwa koleo, kidogo huku na kidogo kule. Paka grisi kwenye ncha ya drili ili inase vumbi la chuma.

Sasa pitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukinasa, kuna mfereji, na mdomo mpya hautakamata vizuri. Kama nafasi inaruhusu, sili mpya inaweza kukaa milimita 1 hivi ndani au nje zaidi ili iguse chuma kizima. Mfereji mkubwa unahitaji bushi nyembamba ya kuvalishwa shafti. Tikisa shafti juu na chini pia: ikicheza wazi, tatizo ni beringi.

Unaponunua, soma namba. 35×50×8 maana yake ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Kama kuna mshale, ufuate upande krenki inakozunguka.

Upande wenye springi ndogo ya mviringo huelekea ndani, kwenye oili. Paka mdomo oili safi, kwa kuwa mpira mkavu huungua mara injini inapowaka. Lakini sili za teflon, ambazo mara nyingi hazina springi na huja na kikombe cha plastiki cha kuongozea, hupachikwa kavu kabisa. Sili yenye mpira upande wa nje haitaki silikoni.

Igonge kwa bomba lenye kipenyo karibu sawa na ukingo wake wa nje, taratibu, ukizungukia pande zote. Ikianza kwenda mshazari, simama uinyooshe. Ukiilazimisha, bati hupinda na springi inaweza kuruka bila wewe kuiona. Bolti ya puli ikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha injini hiyo, na kama mtengenezaji anataka bolti mpya, weka mpya.