Kabla Hujauliza "Nani Ana Wazo?"

Karibu kazini. Najua wiki hii umeonyeshwa mizani, daftari la wakulima, namna ya kupima maziwa kwa spiriti, na mahali pa kuweka funguo za chumba cha tangi. Liko jambo moja ambalo hakuna atakayekuonyesha, kwa kuwa halimo kwenye orodha ya kazi zako: namna watu saba wa kituo kidogo cha maziwa, huku nje ya Nakuru kwenye barabara ya kwenda Bahati na Subukia, wanavyokaa pamoja kutafuta njia ya kutoka kwenye shida. Mimi nilichelewa miaka kulijua. Wewe usichelewe.

Nilipokabidhiwa mkutano wa Jumatatu, nilikuwa nasimama mbele na kuuliza, "Haya, nani ana wazo?" Kimya. Kisha meneja anakohoa kidogo, anasema maziwa yanaharibika, tununue tangi la pili la kuyapozea, na wote tunaitikia. Mkutano umekwisha. Vijana wa pikipiki, wanaokusanya maziwa na kuyajua mashamba kuliko sisi sote, wanatoka wakinong'onezana. Siku moja nilitoka nyuma yao nikawasikia pale kwenye ngazi wakisema jambo ambalo lingesemwa ndani, msimu mzima wa mvua tusingemwaga maziwa ya watu.

Usiwaite waoga. Tumelelewa hivyo: mzee akishasema, kijana hapingi. Aliyeajiriwa mwezi jana atamwambiaje mtu wa rika la baba yake kwamba shida si tangi? Ukitaka kusikia lililo moyoni mwake, usimfanye abishane na mkubwa mbele za watu. Mpe karatasi.

Jambo hili limechunguzwa pia mbali na hapa. Desturi ya kukaa duara na kurusha mawazo ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa kazi ya matangazo ya biashara, aliyeieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1953. Kanuni zake nazipenda hadi leo: wazo lisikosolewe likiwa bado changa, yatafutwe mengi, hata la ajabu lipokelewe, na la huyu liunganishwe na la yule. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwakusanya watu wannewanne, wakawalinganisha na wannewanne waliofikiri kila mtu peke yake na mawazo yao kujumlishwa baadaye. Waliofikiri peke yao walitoa karibu mara mbili. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: katika kikao anasema mmoja tu kwa wakati, na wewe unayengoja zamu wazo linakuponyoka.

Kwa hiyo sisi huanza kwa dakika tano za kimya. Kila mtu anaandika mawazo matatu, bila jina, kisha anapitisha karatasi kwa aliye kulia kwake. Huyo anasoma, anaongeza matatu yake, au analikamilisha la mwenzake. Mjerumani Bernd Rohrbach ndiye aliyeipanga njia hii mwishoni mwa miaka ya 1960: watu sita, mawazo matatu, dakika tano, na karatasi zikizunguka mara sita mnafikia mawazo 108 kwa nusu saa. Sisi hukomea mzunguko wa tatu, maana pikipiki zinaingia na maziwa hayangoji.

Hapa sikiliza vizuri, maana mimi niliteleza. Mama anayeosha mitungi yetu hakusoma sana. Miezi miwili karatasi yake ilirudi tupu, nami nikadhani hana la kusema. Bado linaniuma. Siku hizi karani huketi naye kabla ya mkutano, anasema kwa Kikuyu au Kiswahili, apendavyo, na karani anaandika neno kwa neno bila kulipamba. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Mitungi inayojazwa kwanza ndiyo inayonuka zaidi kuliko inayojazwa mwisho." Sisi wengine tulikuwa tunahesabu lita. Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza mkono ndani.

Mstari huo tuliufuata kwa kuuliza kwa nini, tena na tena, kama walivyozoea kufanya Toyota kule Japani. Kwa nini mtungi unaganda ukipimwa kwa spiriti? Maziwa yameanza kuchacha. Kwa nini? Yamekaa karibu saa nne bila kupozwa, na maziwa yanayotoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi yanatakiwa yashushwe mapema hadi nyuzi 4. Kwa nini yakae hivyo? Yalichukuliwa ya kwanza, yakatembezwa njia nzima hadi mwisho na kurudi. Kwa nini kijana aanze na shamba la karibu? Ndivyo daftari lilivyopangwa. Kwa nini likapangwa hivyo? Kwa namba za uanachama, na waliojiunga mwanzo ni majirani wa kituo. Daftari la malipo ndilo lililokuwa likiendesha pikipiki!

Uwe mwangalifu na maswali haya. Jibu likiwa jina la mtu, hujafika. Rudi nyuma uulize upya. Tungekomea kwa "kijana anachelewa", angefukuzwa, na aliyemfuata angechelewa vilevile.

Njia nyingine ninayokusihi uijue ni ya kupindua swali. Siku mawazo yalipokauka niliandika ubaoni: tukitaka maziwa yote yaharibike kabla ya saa nne asubuhi, tufanye nini? Chumba kilichangamka. Tuache mtungi juani mwenye pikipiki akinywa chai. Tutumie madumu ya plastiki yenye mikwaruzo isiyosafishika. Tuchanganye ya jana jioni na ya leo asubuhi. Tufunge vifuniko mitungi ikiwa bado na maji. Nikauliza: katika hayo, ni yapi tunayoyafanya tayari? Tukanyamaza kitambo. Yalikuwa matatu. Hakuna aliyeona ameshtakiwa, kwa hiyo hakuna aliyejitetea, na jioni ile ile mitungi ililala kichwa chini kwenye kichanja.

Kuchagua hakuna makuu. Karatasi zinapangwa mezani, kila mtu anapewa punje tatu za mahindi, anaziweka juu ya wazo analolitaka. Zote juu ya moja akipenda. Meneja anaweka mwisho. Nilimwomba hilo faraghani, si kikaoni, na alikubali bila neno. Nawe ukitaka kumwomba mkubwa jambo la namna hii, mwendee peke yake.

Wazo lililoshinda lilikuwa la kugeuza njia: pikipiki ipite na mitungi mitupu hadi shamba la mwisho, ianze kukusanya ikirudi. Hatukulieneza kila mahali. Tulilijaribu njia moja, wiki mbili, baada ya kwenda kuwaomba wakulima wa mwisho wakamue mapema kidogo. Wiki ya kwanza hakuna mtungi uliokataliwa. Ya pili ulikataliwa mmoja, siku mvua ilipokata barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mitatu au minne kwa wiki. Tangi la pili halikununuliwa.

Mawazo huandikwa bila majina, lakini likifaulu mwenyewe hutafutwa, na akikubali jina lake huingia kwenye daftari la mkutano. Mama wa mitungi yumo ukurasa wa kwanza. Nimeona mahali pengine wazo la mfanyakazi mdogo likisomwa kwenye ripoti kama la msimamizi, na mwaka uliofuata hapakuwa na aliyeleta lolote.

Jumatatu ijayo wewe ndiwe utakayeongoza. Swali lililoko ubaoni ni la maziwa ya jioni: wakulima wa mbali hawana pa kuyahifadhi hadi asubuhi, nasi hatuna pikipiki ya usiku. Karatasi ziko droo ya pili, mahindi yako kwenye kikombe cha bati. Fika nusu saa mapema, umpe karani nafasi ya kuketi na mama.